Wasomaji Wanauliza: Makosa ya Maandishi Kwenye Tovuti ya Biashara

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja: maandishi yenye makosa kwenye tovuti za biashara, na namna ya kuyanasa kabla mteja hajayaona. Tumezifupisha.

SWALI: Nauza vipuri vya pikipiki kwa njia ya tovuti. Kijana wangu ananiambia kurasa zangu zimejaa makosa ya tahajia. Mimi naona mteja anatafuta kipuri, hatafuti insha. Maadamu tunaelewana, hasara iko wapi?

JIBU: Kwa mteja anayekufahamu pengine hakuna hasara. Huyo atakupigia simu hata ukiandika jina la kipuri kwa namna tatu. Hasara iko kwa mgeni. Hajawahi kuingia dukani kwako wala hakujui kwa sura. Alicho nacho ni maandishi yako tu, na unamtaka alipe kabla hajaushika mzigo. Watu wameonywa kwa miaka mingi, na benki zao zikiwemo, kwamba lugha mbovu ni mojawapo ya dalili za tovuti ya kitapeli. Mgeni akikuta makosa mawili matatu karibu na kitufe cha kulipia, hafikirii kwamba ulikuwa na haraka. Anaondoka, na hakuachii ujumbe wa kukueleza sababu.

Mwaka 2011 mfanyabiashara wa mtandaoni wa Uingereza, Charles Duncombe, aliiambia BBC kwamba kwenye tovuti yake moja ya nguo mapato kwa kila mgeni yaliongezeka maradufu baada ya kosa moja la tahajia kusahihishwa. Tusilifanye hilo kuwa kanuni. Ni tovuti moja na kipimo kimoja, na huenda kuna mengine yaliyobadilika kipindi hichohicho. Mwaka huohuo Google ilichapisha maswali ya kujipima kwa wenye tovuti, na mojawapo liliuliza kama makala ina makosa ya tahajia, ya mtindo au ya ukweli. Nalo halina maana kwamba herufi moja itakuzamisha kwenye matokeo ya utafutaji.

Kwako wewe wa vipuri kuna hasara ya karibu zaidi. Kisanduku cha kutafutia ndani ya maduka mengi ya mtandaoni hulinganisha herufi kwa herufi. Ukiandika "kabureta" ukurasa mmoja na "kaburata" mwingine, mteja anayeandika neno sahihi ataambiwa bidhaa haipo, nayo imejaa ghalani. Namba za vipuri ni mbaya zaidi: herufi O na sifuri, au herufi I na tarakimu 1, hufanana machoni lakini kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Zinakili namba hizo kutoka kwenye orodha ya kiwanda, usizichape kwa mkono.

SWALI: Mimi ndiye ninayeandika kurasa za kampuni yetu. Nasoma mara tatu kabla ya kuchapisha, na bado bosi analiona kosa ndani ya dakika moja. Nasoma vibaya, au kuna mbinu nisiyoijua?

JIBU: Hukosei katika bidii, unakosea katika namna. Macho hayatembei juu ya mstari kwa mwendo mmoja. Yanaruka na kutua, yanaruka na kutua, na maneno mafupi hurukwa zaidi. Akili hujaza kilichorukwa. Wewe uliyeandika unajua ulichokusudia, kwa hiyo unajaza haraka kuliko mtu yeyote. Bosi wako hajui ulikusudia nini, ndiyo maana analiona kosa. Kusoma mara tatu kwa namna ileile ni kurudia kosa lilelile mara tatu.

Katika Kiswahili hatari iko palepale macho yanaporuka: ya, wa, za, la, kwa, na. Tazama sentensi hii: "Kifaa hiki kinatumia betri yake yenyewe na kina dhamana ya miezi 12." Kampuni inaongeza toleo la pili, mtu anabadilisha maneno mawili ya kwanza tu, na ukurasa unatoka hivi: "Vifaa hivi kinatumia betri yake yenyewe na kina dhamana ya miezi 12." Aliyesahihisha aliangalia maneno mawili ya mwanzo, akaridhika. Ukigusa nomino, fuata upatanisho wake hadi kwenye nukta, na ukipita nukta angalia kama sentensi inayofuata bado inaizungumzia nomino hiyohiyo.

Gawa kazi kwa mizunguko, na kila mzunguko uwinde kitu kimoja.

Kwanza liache andiko lilale, angalau usiku mmoja. Kama hakuna muda, libadilishe sura: kuza herufi, badili fonti, punguza upana wa safu, au lichape kwenye karatasi. Macho yanapokutana na mistari iliyokatika mahali pengine hulazimika kusoma upya.

Mzunguko wa kwanza ni wa maana. Je, aya zote zinahitajika? Mteja ameelezwa anunue vipi, alipe vipi, apokee lini? Fanya hivi mwanzo, kwa sababu hakuna faida ya kunyoosha koma kwenye aya utakayoifuta.

Mzunguko wa pili ni wa tarakimu na majina, na huu usiuruke kamwe. Andaa karatasi moja yenye ukweli wote wa biashara: jina kama lilivyosajiliwa, simu, baruapepe, namba za kulipia, saa za kazi, bei, muda wa dhamana. Karatasi hiyo itoke kwenye nyaraka zenyewe, isitoke kwenye tovuti ya zamani, maana kosa la zamani litahamia humo na kupata heshima ya kuwa rejea. Kisha fanyeni wawili. Mmoja asome karatasi kwa sauti, tarakimu moja moja, mwingine afuate kwenye skrini kwa kidole. Ukiwa peke yako, isome namba ya simu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Namba uliyoizoea huisomi tena. Unaitambua tu, kama sura ya jirani.

Mzunguko wa tatu ni wa lugha, na huu husomwa kwa sauti. Ukurasa wa maneno 500 usiposomwa kwa pupa huchukua kama dakika tano, si nyingi. Mdomo hauwezi kuruka neno kama macho yanavyoruka; "ya ya" utaisikia. Ukiwa na programu inayosoma maandishi kwa sauti, iache ikusomee, kwa sababu yenyewe husoma kilichopo bila kukuonea haya. Vichwa vya habari na vitufe visome peke yake. Kosa kwenye herufi kubwa hupita kirahisi kuliko kwenye aya, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ameshalitazama.

Mzunguko wa mwisho hufanyika kwenye ukurasa halisi, kwenye simu na kwenye kompyuta, na hapa unabonyeza kila kitu. Namba ya simu kwenye tovuti ina sehemu mbili: ile inayoonekana na ile iliyo nyuma yake ambayo simu huipiga. Unaweza kusahihisha ya mbele na kuiacha ya nyuma ikiwa ya aliyetengeneza kiolezo, yaani muundo wa tovuti ulionunuliwa au kupakuliwa ukiwa tayari. Anwani ya baruapepe ni vilevile. Andika namba iliyo nyuma kwa alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, ili anayepiga kutoka nje naye akupate. Jiagizie bidhaa moja mwenyewe, kisha usome kila kinachokuja: ujumbe wa uthibitisho, risiti, na onyo linalotokea fomu inapojazwa vibaya. Hayo maonyo ndiyo yasiyosomwa na yeyote kazini, na ndiyo mteja huyasoma akiwa tayari ameudhika.

Ukishasahihisha, isome tena sentensi nzima pamoja na zile zilizo jirani yake. Makosa mengi yanayochapishwa huzaliwa katika sahihisho la mwisho.

SWALI: Kompyuta yangu inapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, kwa hiyo nimezima ukaguzi wa tahajia. Je, nimekosea?

JIBU: Umekosea kidogo. Mstari mwekundu kila mahali kwa kawaida una maana kwamba programu inakagua kwa Kiingereza. Microsoft Word na LibreOffice zote zina ukaguzi wa Kiswahili. Chagua maandishi yote, kisha weka lugha yake kuwa Kiswahili. Hata hapo baadhi ya vitenzi sahihi vitapigiwa mstari, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba viambishi na kuzaa maumbo mengi kuliko yanayoweza kuorodheshwa. Hilo livumilie.

Unachopaswa kuzima ni usahihishaji wa moja kwa moja wa Kiingereza, hasa kwenye simu. Huo haukuulizi: unaandika "hadi", wenyewe unakuwekea neno la watu wengine.

Lakini usiuamini ukaguzi kupita kiasi. Hauoni kosa ambalo nalo ni neno halali, na katika biashara hayo ndiyo ya gharama. "Tunafunga saa 2" na "tunafungua saa 2" yote ni Kiswahili safi. "Bidhaa zilizouzwa wiki hii" inamwambia mteja kwamba amechelewa. Ulitaka kusema "zinazouzwa". "Jokofu lina thamani ya mwaka mmoja" haina mstari mwekundu, ingawa ulikusudia dhamana. "Fika mahari petu" nayo itapita, na wasomaji watakucheka kabla hawajafika. Tengeneza orodha yako ya jozi kama hizi, kisha zitafute moja moja kwa Ctrl+F.

Kubwa kuliko zote ni herufi h. "Utarudishiwa fedha zako mzigo ukichelewa" na "hutarudishiwa fedha zako mzigo ukichelewa" ni masharti mawili yanayopingana, na tofauti yake ni herufi ambayo wengi wetu hatuitamki kwa nguvu. Hapa hata kusoma kwa sauti hakutakuokoa. Kwenye ukurasa wa masharti, tafuta kila kitenzi kinachoanza kwa u-, hu-, tu- na hatu-, ujiulize kama ni ndiyo au siyo. Bora zaidi, kanusho zito liandike kwa namna isiyopotea kwa herufi moja: "Hakuna kurudishiwa fedha baada ya siku 14."

Jambo dogo la kumwambia mtengenezaji wa tovuti: kwenye msimbo wa ukurasa lugha itajwe kuwa sw, yaani lang="sw". Violezo vingi huja na en. Ikibaki hivyo, programu inayomsomea mtu asiyeona inaweza kuyatamka maneno yako kama ya Kiingereza, na yasieleweke.

SWALI: Bei ya bidhaa yetu ilikosa sifuri moja kwa saa kadhaa na watu wakaagiza. Je, tunalazimika kuwauzia? Na kosa kama hili linatokeaje?

JIBU: La kwanza muulize wakili anayejua sheria ya mahali ulipo, kwa sababu majibu hutofautiana. Mifano miwili itakuonyesha tofauti hiyo. Januari 2002, Kodak nchini Uingereza iliweka kamera kwa pauni 100 badala ya 329. Wateja walikuwa wameshapokea uthibitisho wa baruapepe, wakadai kwamba mkataba umekwisha fungwa, na mwishowe kampuni ikawauzia kwa bei hiyo. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2003, tovuti ya Digilandmall ya Singapore ilionyesha printa za leza za HP kwa dola 66 za nchi hiyo badala ya 3,854. Wanunuzi sita waliagiza printa 1,606. Safari hii mahakama iliwakatalia mwaka 2004, na rufaa yao ikashindwa mwaka 2005, kwa kuwa walijua wazi kwamba ile bei ni kosa.

Linganisha na lako: sifuri moja ikipungua kwenye bidhaa ndogo, mteja anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba alidhani ni punguzo. Kwa hiyo rekebisha maneno ya ujumbe wa kwanza unaojituma wenyewe. Useme umepokea oda na utaithibitisha baada ya kuikagua. Usiseme "oda yako imekubaliwa". Hiyo nayo ni kazi ya kusoma prufu, ingawa wengi huufikiria ukurasa wa bei peke yake.

Ama kuhusu chanzo, kwa Digilandmall takwimu zilizotumika kwenye mafunzo ya ndani ndizo zilizoingia kwenye tovuti halisi. Fundisha na ujaribu kwenye nakala ya pembeni, na ukijaribu tumia jina la bidhaa ambalo hakuna atakayelinunua.

Chanzo kingine ni faili la kupakia bidhaa nyingi kwa pamoja. Faili la aina ya CSV hutenganisha safu kwa koma. Ukiandika 1,500 bila alama za kunukuu, mfumo unaweza kusoma 1 kama bei na kuisukuma 500 kwenye safu inayofuata, ambayo pengine ni idadi iliyopo ghalani. Andika 1500, tovuti yenyewe itaweka koma wakati wa kuonyesha. Angalia pia nukta: kuna nchi ambako 1.500 ni elfu moja na mia tano, na kwingine ni moja na nusu. Ukiwa humohumo kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama la Excel, zitazame namba za simu. Zinazoanza na sifuri huipoteza sifuri hiyo safu isipowekwa kuwa maandishi.

Baada ya kupakia, panga bidhaa zote kuanzia bei ndogo kwenda kubwa. Bei iliyokosa sifuri itasimama juu kabisa, iliyozidi sifuri itakaa chini. Ni ukaguzi wa sekunde chache na hakuna sababu ya kuuacha.

SWALI: Tumeandika "tunafungua saa 8:00 hadi 17:00". Wateja wengine wanakuja mchana wakidhani hatufungui asubuhi. Tuandike vipi?

JIBU: Mmechanganya saa mbili katika mstari mmoja. Msomaji wa Kiswahili akiona saa 8 anasoma saa nane, yaani mchana, na anapofika kwenye 17 ndipo anapotea kabisa. Andikeni: "Saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni (08:00–17:00)". Sehemu ya siku isikosekane kamwe. Kwenye ramani za mtandaoni na kwenye kalenda jazeni kwa mfumo wa saa 24 unaotakiwa na programu, kisha fungueni simu mtazame kinachoonekana kwa mteja.

Mwisho wa ofa ni mtego mwingine. "Mwisho ni usiku wa Jumapili" wengine huuelewa kuwa usiku wa kuamkia Jumapili, wengine usiku wa Jumapili yenyewe. Andikeni "Jumapili, saa 5:59 usiku (23:59)" pamoja na tarehe, na mwezi uwe kwa jina, kwa sababu 03/04 husomwa na wengine kuwa tarehe 3 Aprili na wengine kuwa Machi 4.

SWALI: Nimeyapa maandishi yangu programu ya akili unde iyasahihishe. Yamependeza kweli. Kuna haja ya mtu kuyasoma tena?

JIBU: Ipo, na hasa kwa sababu yamependeza. Programu hizi hazisahihishi tu, huandika upya, na katika kulainisha sentensi zinaweza kugeuza "hadi siku 7" kuwa "ndani ya siku 7", au kuongeza ahadi ya "usafirishaji wa haraka" ambayo hukuitoa. Usiiombe ikupe andiko lililosahihishwa. Iombe orodha ya makosa: sentensi ilivyo, inavyopaswa kuwa, na sababu. Kisha wewe ndiye uingize mabadiliko, moja moja. Kama andiko limeshaandikwa upya, weka la zamani na jipya kwenye kipengele cha kulinganisha nyaraka cha Word au LibreOffice, kikuonyeshe kila kilichobadilika. Tarakimu na majina uzirudie dhidi ya ile karatasi ya ukweli tuliyoieleza hapo juu.

SWALI: Nimegundua kosa la tahajia, lakini liko ndani ya anwani ya ukurasa wenyewe, na ukurasa una mwaka tangu uchapishwe. Nibadilishe?

JIBU: Likiwa halionekani sana na halibadilishi maana, liache. Likiwa ni jina la biashara au la bidhaa, badilisha, lakini siku hiyohiyo weka uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Bila hivyo kila aliyehifadhi kiungo chako, na kila tovuti inayokutaja, ataangukia ukurasa wa "haupatikani". Rekebisha pia viungo vya ndani na ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako kwa ajili ya injini za utafutaji.

Ukiwa hapo, pitia maandishi mengine yasiyo ndani ya ukurasa: kichwa kinachoonekana kwenye kichupo cha kivinjari, maelezo mafupi yanayotokea kwenye matokeo ya utafutaji, maneno mbadala ya picha (yale anayosomewa asiyeiona), na mwaka ulioandikwa chini kabisa. Maandishi yaliyochorwa ndani ya picha hayaguswi na kikaguzi chochote cha tahajia cha kawaida, kwa hiyo bango lenye bei lisome kwa macho, halafu mpe mwingine alisome. Tafuta pia "lorem", yale maneno ya Kilatini kilichovurugwa ambayo wasanifu huyatumia kujaza nafasi; hupenda kubaki kwenye kurasa zinazofunguliwa kwa nadra. Na kama kiungo kilishasambazwa kwenye mitandao ya kijamii, kichwa cha zamani kinaweza kuendelea kuonekana huko hata baada ya kusahihisha, kwa sababu mitandao hiyo huhifadhi nakala. Facebook ina zana yake ya kuuchota ukurasa upya: bandika anwani humo, uamuru usomwe tena.